Mwanaume wa Kushinda Uwani

Mke wangu Salma alipopata uhamisho kuja Dar, stendi nzima ya Masasi ilinicheka. Kampuni ya korosho anayofanyia kazi ilimpandisha cheo, ikamtaka ofisi kuu, Mchafukoge katikati ya mji, asimamie mizigo inayotoka kusini. Mimi nilikuwa fundi baiskeli pale stendi. Watu wakaniuliza, "Shaibu, unaolewa?" Nikawajibu ndiyo, na mahari nimeshalipwa. Nikauza vifaa vyangu, tukapanda basi pamoja na mtoto wetu Amira, wa miaka mitatu na nusu.

Amira nimemlea mimi. Sisemi ili nisifiwe. Ofisi ya Salma ilikuwa inafunguliwa mapema, na kijiweni kwangu mtoto alikuwa na pa kukaa. Alijifunza kusimama akishikilia magurudumu ya wateja. Kwa hiyo Dar hatukuja kutafuta chumba tu. Tulikuwa tunatafuta mahali ambapo mtoto angeshinda salama mama yake akiwa kazini, na mimi nikiwa sijapata kazi.

Wenzake Salma ofisini walisema Goba, nje ya mji. Kuna hewa, walisema, kuna ukuta na geti, kule ndiko kwa kulelea watoto. Tukaenda kuiona nyumba. Mimi niliipenda. Ningefunga geti, nikashinda ndani na mwanangu, na hakuna mtu angeniuliza kitu. Salma yeye hakuangalia vyumba. Alimuuliza dada aliyekuwa anahama pale anatoka saa ngapi kwenda mjini.

"Saa kumi na nusu alfajiri. Nikichelewa hapo foleni inanimaliza."

"Na kurudi?"

"Saa tatu usiku. Mbili na nusu nikibahatika."

Salma alishukuru, tukaondoka. Njiani akasema, "Sikuhama na mwanangu nije kumwangalia amelala."

Ikabidi tutafute karibu na mjini. Wakati huo tulikuwa tunalala gesti moja Kariakoo, mtoto katikati yetu, kitanda cha futi nne. Tukapata dalali anaitwa Khalfani, kijana wa Buguruni, mwepesi wa maneno. Alikuwa anatutumia picha za nyumba kwenye simu, na kila picha ilikuwa nzuri kuliko nyumba yenyewe. Ghorofa za Mchafukoge hazikuwa saizi yetu. Zikabaki nyumba za zamani, zile zenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku, na uwani nyuma, ambako wapangaji wote wanapika, wanafua na kuoga.

Nyumba ya kwanza ilikuwa Buguruni. Mama mwenye nyumba aliuliza watoto wangapi. Tukasema mmoja, akafurahi. Akauliza mama anafanya kazi wapi, akafurahi zaidi.

"Na baba?"

"Bado natafuta," nikasema. "Kwa sasa nashinda na mtoto."

Akaufunga tena mlango wa chumba. Kisha akasema kumbe chumba kilishachukuliwa jana. Nyumba ya pili ilikuwa hivyo hivyo. Ya tatu hawakutufikisha hata chumbani. Khalfani akanilipukia barabarani.

"Mzee Shaibu, unaniharibia kazi."

"Nimefanya nini?"

"Unasema unashinda nyumbani! Uwani kule akina mama wamejifunga kanga, wanafua, wanasukana, wanamsema mwenzao. Wewe utakaa wapi? Kwenye kigoda katikati yao, unachambua mchele?"

"Nitakaa chumbani."

"Mwanaume yuko chumbani saa nne asubuhi, na dirisha linatazama bafu. Hiyo ndiyo mbaya kabisa!"

Salma alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu kijana alisema kweli na mimi sikuwa nimeiona. Akanishauri niseme nina biashara ya viatu soko la Mchikichini. "Wauza viatu kule ni kama mchanga," alisema. "Nani atakuja kukuhesabu?" Salma akasema hapendi kuanza nyumba kwa uongo. Nikamwambia ni uongo wa wiki mbili.

Nyumba ya nne ilikuwa Ilala, mtaa wa ndani. Kutoka pale Salma angefika ofisini kwa miguu dakika arobaini, na angerudi jua halijazama. Mwenye nyumba aliitwa Bi Badria, mwanamke wa makamo, mnene, aliyezaliwa kwenye nyumba ile ile. Alituonyesha chumba, bomba na choo, kisha akasimama mlangoni.

"Sharti langu moja. Wanaume wa nyumba hii wanatoka na jua, hawarudi kabla ya saa kumi. Wakirudi, wanakohoa ukumbini kabla hawajatokeza uwani. Jumapili mnakaa, tunawavumilia. Wewe baba unafanya kazi gani?"

"Nauza viatu. Mchikichini."

"Haya. Na mtoto?"

"Anakwenda na mimi," nikasema haraka.

"Sokoni?"

"Amezoea."

Bi Badria alimtazama Amira, halafu mimi. "Haya," akasema. "Ni mwanao."

Tukahamia. Kila siku saa moja asubuhi tunatoka watatu. Salma anaelekea mjini, mimi na Amira begani tunaelekea sokoni, ambako sina duka, sina meza, sina hata kiatu kimoja cha kuuza. Siku ya kwanza tulizunguka mpaka miguu ikawaka moto. Siku ya pili tukampata Onesphory, mzee anayeuza viatu vya mtumba na kuvishona. Aliona nimesimama muda mrefu na mtoto, akanisukumia gunia la kukalia.

"Kaa. Unamsubiri nani?"

"Saa kumi," nikamwambia.

Hakuuliza tena. Tukawa tunakaa pale. Nikizunguka kuuliza kazi, nazunguka na mtoto begani, na hakuna anayempa kazi mtu mwenye mtoto begani. Turubai la Onesphory lilikuwa linashusha joto badala ya kulizuia. Amira alikula chipsi siku nne mfululizo. Mchana alilala juu ya rundo la raba, vumbi likimwingia puani, watu wakimruka kwenda kuchagua. Siku ya sita shingo yake yote ilikuwa vipele vya joto, na alianza kukohoa.

Jioni hiyo Salma alimwogesha, akaiangalia ile shingo chini ya taa.

"Hiki ndicho tulichohamia?"

"Nipe wiki moja nyingine."

"Wiki ya nini, Shaibu? Mtoto analala juu ya viatu." Hakupandisha sauti. "Mwisho wa mwezi nampeleka Masasi kwa mama. Atakaa huko mpaka afikie umri wa shule."

Nikahesabu. Ilikuwa miaka mitatu, karibu umri wote alionao. Nikatoka kwenda kusimama barazani.

Kosa langu jingine ni kwamba sikuuliza majirani wanafanya kazi gani. Chumba kinachotazamana na chetu alikaa Angelina, mwanamke wa Songea. Alikuwa anatoka kabla hatujaamka. Siku ya nane, saa tano asubuhi, nikamwona anakuja moja kwa moja kwenye gunia letu, kichwani amebeba furushi la nguo. Yeye ndiye aliyekuwa anauza Mchikichini, tena mwaka wa kumi na mbili.

"Baba Amira! Ndiyo biashara yenyewe hii?"

Nikaokota kiatu kimoja nikakishika, sijui kwa nini.

"Hicho bei gani?"

Nikamgeukia Onesphory. Angelina alicheka mpaka furushi likataka kumdondoka.

"Muuzaji anaulizia bei!" akasema, akaenda zake. Nikajua habari itafika uwani kabla yangu.

Jioni nilikohoa ukumbini. "Pita, mfanyabiashara," Bi Badria akaitikia, na wanawake wakaangua kicheko. Walikuwa wanne mkekani, Angelina mmojawapo. Salma naye akaingia nyuma yangu, mkoba bado uko begani. Amira alikuwa amenilalia.

"Una duka?" Bi Badria akauliza.

"Sina."

"Una kazi yoyote?"

"Sina."

"Basi umenidanganya ndani ya nyumba ya baba yangu."

"Ndiyo," nikasema. "Nyumba tatu nilisema kweli, zote zikanikataa."

"Hata mimi ningekukataa." Hakuwa na haya kulisema.

Salma akaingilia. "Bi Badria, tusamehe. Tutatafuta pengine. Mtoto nampeleka kwa bibi yake Masasi, baba yake atakuwa anatoka kama wanaume wenzake mpaka tutakapohama."

"Mtoto kafanya nini tena?"

"Hana pa kushinda."

"Hana pa kushinda!" Bi Badria akawageukia wenzake. "Jamani, na uwanja wote huu ni wa kufugia mbuzi?"

Angelina akasema, "Wa kwangu wawili wanashinda wapi? Unadhani nawabeba kichwani na balo la nguo?"

Kweli, kila jioni niliona watoto watano wakikimbizana pale bombani. Sikuwa nimejiuliza wanakuwa na nani mchana.

"Hamkusema," nikawaambia.

"Ulisema unakwenda naye," Bi Badria akajibu. "Nikajua baba huyu hatuamini. Nitamnyang'anya mtu mwanawe mikononi? Mimi nilisema wanaume watoke. Huyu mtoto ni mwanaume?"

"Nilidhani—"

"Ulidhani popote uendapo lazima naye aende. Mtoto siyo mkia."

Wakacheka tena. Salma hakucheka, alikuwa ananitazama mimi. Ukweli ni kwamba niliomba chumba kwa watu wanne Dar es Salaam, na sikumwomba hata mmoja anishikie mtoto. Masasi sikuwahi kuomba. Na nadhani sikutaka.

Bi Badria akamnyanyua Amira begani kwangu akiwa usingizini, akamlaza mkekani, akaigeuza shingo aione.

"Anakula nini?"

"Wali, ugali, kila kitu. Ndizi mbivu hataki," nikasema.

"Anaogopa nini?"

"Paka. Na akiamka asipomwona mtu."

"Hapa atawaona wengi mno. Kesho umwache. Wewe utatoka."

Asubuhi nikamwacha. Hakulia. Alikuwa ameshapewa kikopo na mchanga. Nikafika kona ya mtaa nikarudi. Nikakohoa ukumbini, wakaniambia yuko salama. Saa tatu nikarudi tena. Saa nne na nusu niliporudi mara ya tatu, Bi Badria alikuja mwenyewe ukumbini, mikono ina povu.

"Mtoto halii. Wewe ndiye unayelia. Nenda kazini."

"Sina kazi, Bi Badria."

"Basi nenda kaitafute. Si ndiyo kazi yenu huko nje?"

Nikaenda kwa Onesphory. Aliponiona mabega matupu akanirushia jozi tano zilizoachia soli. "Wewe umeziba mipira ya baiskeli," akasema. "Gundi unaijua." Nilitengeneza nne vizuri na moja vibaya. Akaniambia nije na kesho.

Nilirudi saa kumi. Amira alikuwa anakula na wenzake sinia moja. Nikamwita twende chumbani akapumzike, akasema hataki. Nikaingia peke yangu, nikalala chali, nikasikiliza kelele zao dirishani.

Salma alirudi saa kumi na mbili kasoro. Amira alimkimbilia ukumbini, ameogeshwa, amepakwa poda shingoni, na nywele zimesukwa mistari minane midogo midogo. Salma huwa anamsuka mwenyewe, kila Jumapili, tangu nywele zilipoanza kushikika.

"Nani kamsuka?"

"Huko uwani," nikasema.

Alikaa kitandani na viatu vyake, akamweka mtoto mapajani, akapitisha kidole kwenye mistari, mmoja baada ya mwingine. Ilikuwa imenyooka. 

"Masasi haendi," akasema.

Kisha akavua viatu, akajifunga kanga, akamshika Amira mkono, wakaenda uwani kushukuru. Mimi nikabaki chumbani. Ilikuwa saa ya kuoga wanawake.