Mwanamke wa Kwenye Simu

Tangu mume wangu, fundi rangi, aanguke kutoka kwenye ngazi na kupasuka kichwa, ananiita dada.

"Ahsante kwa chai, dada. Mke wangu akirudi nitamwambia umetutunza."

"Dada kitu gani? Mimi ndiye niliyekuzalia watoto!"

Akanitazama kwa heshima zote. "Unafanana naye kweli. Hata ukali. Lakini siye."

Daktari wa ubongo alinieleza. Macho yanaona uso wangu sawasawa, ila njia ya kuupeleka kwenye hisia imekatika. Anaona sura ya mke, moyo haushtuki, basi akili inaamua kwamba huyu ni bandia. Sauti ina njia yake, na hiyo ni nzima. "Mpigie simu," akasema. "Ila asikuone. Akikuona, macho yanashinda."

Nikampigia nikiwa kazini, ghalani, katikati ya mifuko ya saruji.

"Mpenzi!" akapaza sauti. "Uko wapi wewe? Nyumba imepoa!"

Mpenzi! Katika ndoa yetu yote nimeitwa mama watoto, we mwanamke, na nikipokea mshahara, bosi. Nikaitazama simu kama iliyoingiliwa na mtu.

Ikawa hivyo kila mchana. Mwanamke wa kwenye simu alipewa ndoto za mume wangu, hofu zake, hata nyimbo. Jioni mimi nilimkuta amekaa ukingoni mwa kochi kama mgeni anayesubiri kuagwa. Yule anapata asali, mimi napata vyombo vichafu.

Dada yangu alicheka mpaka akashika mbavu. "Yaani unajionea wivu mwenyewe?"

"Naona wivu, ndiyo. Kuna mtu ananilia mume."

Halafu kidonda chake nyuma ya sikio, pale alipopasuka, kikaanza kutoa usaha. Muuguzi alisema kisiposafishwa kila siku, mgonjwa atarudi wodini. Mume wangu akagoma.

"Nina mke, dada. Siguswi ovyo."

Nikatoka nyuma ya nyumba, nikasimama kati ya shuka zilizoanikwa, nikapiga simu.

"Afadhali umepiga," akasema. "Usikasirike, mpenzi. Huyu dada anataka kunisafisha kidonda. Nimemkatalia, lakini kinauma."

Ilibidi nimruhusu mume wangu aguswe na mwanamke mwingine.

"Ni mzuri?" Sijui nilitaka jibu gani.

Akashusha sauti. "Anafanana na wewe. Ndiyo maana namwogopa."

Loo! Hata huyo wa sebuleni sasa nikamwonea wivu.

"Mruhusu," nikasema. "Kidonda tu."

Niliingia na bakuli la maji ya uvuguvugu, pamba na dawa. Nilikuwa nimenuna, sikusema neno. Alikuwa amenigeuzia kisogo, shingo ngumu kama mpini, macho ameyafumba kwa kuogopa dawa.

"Mke wangu amekubali," akasema. "Ila kidonda tu, dada. Usizidishe."

"Nimesikia," nikajibu kwa hasira, nikaanza kupangusa.

Shingo ikalegea mkononi mwangu.

"Mpenzi? Umeingia saa ngapi?"

Pamba ikanidondoka.

"Sasa hivi. Usifumbue macho, dawa itakuingia."

"Sifumbui." Akaegemeza kichwa tumboni kwangu, uzito wake wote. "Na yule dada yuko wapi?"

"Nimemfukuza," nikasema. "Tulia."