Kitwitwi wa Shefu Georges

Shefu Georges alishuka garini na kofia mpya ya majani, darubini shingoni, kitabu cha ndege kwapani. Bibiane alimtazama mara moja, akammaliza. Mtu ambaye hajawahi kuchinja hata kuku, leo eti amekuja kutafuta ndege porini. Haya.

Pori lenyewe basi! Uwanda mweupe nje ya Likasi, ambako mtambo ulimwaga tope lake la shaba hadi majani yote yakafa, na watu wakapabatiza Sahara. Pembeni mwa Sahara hiyo Bibiane na wanawake wenzake kumi na mmoja walikuwa na bustani za sombe, yaani majani ya muhogo, na kabichi. Maji ya tope yakazifikia, zikakauka. Miaka miwili wameomba wahamishiwe kwenye ardhi ya kampuni kando ya mto, njia ya Kambove. Miaka miwili Shefu, mkuu wa huduma za jamii wa kampuni hiyo yenye mtambo, amewaambia kwamba wanawake wana midomo tu, udongo ni salama. Sasa tume ya kukagua udongo ilikuwa inakuja Jumatatu kutoka Kinshasa, naye alitaka kuionyesha picha: kama ndege wanaishi pale, kabichi zinashindwa nini? Tume ingefunga faili, na bustani ndiyo kwaheri.

Na ili ajue ndege walipo, alimwita nani? Bibiane huyo huyo. Hana haya hata chembe! Angekataa, mumewe Germain angefukuzwa mtamboni siku hiyo hiyo, wakatolewa na kwenye nyumba ya kambi. Kwa hiyo alikuja, roho ikimkereketa.

Mpiga picha alikuwa Michel wa Kikula, yule mwenye studio ya ukuta uliochorwa maporomoko ya maji. Michel hakuwahi kupiga picha ya kiumbe ambacho hakikukalishwa kitini. Alisimamisha kamera juu ya miguu yake mitatu, akafunga jicho moja, akaanza kumpanga ndege kama anavyopanga maharusi: inua kidevu, usipepese macho, shika pumzi. Ndege wa kwanza akaruka zake. Wa pili vilevile. Shefu akafungua kitabu, akapekuapekua, akatangaza kwamba yule alikuwa tai. Alikuwa njiwa. Bibiane aling'ata pindo la kitenge asicheke.

Kufika saa mbili jua lilikuwa linachoma macho juu ya weupe ule. Kulikuwa na mahali penye kokoto ambapo kitwitwi hutaga chini kabisa, mayai ya rangi ya mchanga, na Bibiane alikuwa amewazungusha mbali napo makusudi. Lakini Shefu, mjuaji, akakata njia yake mwenyewe. Hakwenda hatua kumi. Kitwitwi alichomoka miguuni pake, akaanguka ubavu, akaanza kujikokota na bawa limelegea, analia kwa uchungu.

Mwanamke yeyote aliyeshika jembe Likasi anajua hila hiyo. Ndege anajifanya mgonjwa ili umfuate yeye, uyaache mayai. Shefu, msomi wetu, hakujua. Uso ulimshuka. Michel naye, kwa kuwa hatimaye amepata mteja asiyekimbia, akapiga picha tatu za haraka.

Shefu alimwamuru atoe filamu aianike juani iharibike. Michel akatii huku analalamika. Kisha Shefu akamgeukia Bibiane, sauti imeshuka.

"Mama Bibiane, ule ndege, ni maji ya mutambo ndiyo imemufanya vile?"

Bibiane alipima haraka. Akisema kweli, huyu bwana atacheka, atachukua filamu nyingine garini, na kazi imekwisha.

"Shefu, minye siko munganga ya ndege," alisema. "Lakini Jumatatu wakiniuliza niliona nini, nitajibu nini?"

Shefu akapapasa mfuko wa suruali. Alikuwa mtu wa kutembea na muhuri mfukoni hata akienda msalani, na kwa mara ya kwanza muhuri huo ukafaa. Alichana ukurasa mweupe wa kitabu chake cha ndege, akauweka juu ya boneti, akaandika kwamba wanawake kumi na wawili wahamie mtoni kuanzia leo. Akatia saini, akagonga, akampa Bibiane: Jumatatu hakuna aliyeona ndege. Nyuma ya mgongo wake kitwitwi alisimama, akakunja bawa, akarudi mbio kuatamia. Michel aliona, akafungua kinywa. Bibiane alimkanyaga mguu.

Jumatatu tume iliuliza kama kuna kiumbe kinachoishi kule Sahara. Shefu Georges alisimama, mkono kifuani, akaapa mbele ya wote kwamba hajawahi kuona ndege hata mmoja pale, wala ndege hawezi kuishi pale. Wakaandika. Halafu wakamuuliza Bibiane, mwenye udongo wa mtoni kwenye kucha, kama ana neno la kuongeza.

"Hapana," alisema kwa adabu. "Shefu amesema yote."