Andika Bado

Jumanne asubuhi Bernadetha alifuta kipima pumzi kwa pamba yenye spiriti, akakiweka mezani nje ya ofisi ya kijiji, akaanza duru ya sita. Kila baada ya miezi minne, watu wale wale mia moja na ishirini wa kitongoji kimoja cha Kenyamonta walitakiwa kupuliza bomba, naye anaandika namba. Huko juu mtambo wa kokoto ulikuwa unasaga mawe na kutimua vumbi kama kawaida. Mwenye mtambo alikuwa ameomba kuweka wa pili, na wakubwa wa serikali walisema wanasubiri matokeo ya vifua vya watu.

Shida ilikuwa fomu. Watu thelathini na mmoja hawakuonekana tena, wengine wamehama, wengine wamekufa, akiwemo baba yake mwenyewe, mzee Waitara, ambaye duru ya nne alishindwa hata kutembea hadi ofisini. Jana yake Revocatus, mtu wa takwimu, alikuwa amepiga simu kutoka Mwanza.

"Dada, utafiti wako hauna nguvu. Waliobaki ndio wenye vifua vizima. Kwa namba hizi vumbi litaonekana halina neno."

Maneno hayo yalimkera sana, maana baba yake alikohoa mwaka mzima mbele ya macho yake. Hata hivyo alishika kalamu, akaanza kuandika "hayupo" kwenye mstari wa Waitara. Mama yake, Mokami, aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni, akamshika mkono.

"We mtoto, nani kakufundisha hivyo? Mtu wa kwetu haandikwi hayupo. Andika bado."

Na kweli, kwao ndivyo wasemavyo. Mtu anaweza kwenda machimboni miaka kumi, ukimuulizia utaambiwa bado. Bernadetha akafuta, akaandika bado kwenye mistari yote thelathini na mmoja. Fomu ilichafuka, lakini mama ni mama.

Kufika saa nne, waliokuwa bado wakaanza kuingia. Joram alikuja na koleo mkononi. Asubuhi hiyo hiyo alikuwa pia zamu kwenye machimbo ya Geita, na msimamizi wake huko hakuona pengo. Nyuma yake walikuja marehemu na nguo walizozikwa nazo, wakapanga foleni bila kusukumana. Wanawake wakapiga vigelegele, mtu akaleta litungu akapiga nyuzi zake, uji wa ulezi ukaongezwa maji.

"Mmechelewa," Mokami alimwambia mumewe.

"Njia ndefu. Yule ng'ombe mwekundu kazaa?"

"Kazaa jike."

Waitara alifurahi kwelikweli, akakaa mezani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mwandiko wako bado wa kuku?"

Kila mmoja alipuliza duru alizokosa, moja baada ya nyingine, kwa pumzi aliyokuwa nayo tarehe ile. Duru ya nne Waitara alipuliza mia moja na themanini. Ya tano, tisini. Ya sita mshale haukusogea, akasema hapo ndipo alipoishia, aandike tu. Bernadetha akaandika sifuri huku machozi yanamtoka na anacheka, kwa sababu ni kweli sifuri yake ilikaa kama yai.

Jioni alituma namba zote. Revocatus alipiga simu akiwa na furaha tele.

"Sasa nguvu ipo, dada. Vumbi linaua, na linaonekana waziwazi. Walisaini fomu za ridhaa?"

"Wote."

"Basi safi."

Mwezi uliofuata ripoti ilisomwa mbele ya wakubwa. Waliisifu sana kwamba haina hata nafasi moja iliyo wazi. Kisha wakapitisha mtambo wa pili, kwa sharti kwamba upimaji uendelee.

Habari za sharti hilo zilipofika kitongojini watu walicheza hadi jua likazama, maana wa kwao wangerudi tena. Duru ya saba Mokami alipika vyungu viwili vya uji, na wote mia moja na ishirini walifika. Waliokuja na nguo za kuzikiwa walikuwa wameongezeka wanne.