Mlango wa Nyuma wa Bibi Ethel

Saa moja na robo asubuhi, Jumatatu moja mwanzoni mwa Septemba, Mama Julia aliingia nyumbani kwa Bibi Ethel, kijijini Makote, juu ya uwanda wa Newala, akiwa na ndoo tupu, akatoka kwa mlango uleule wa mbele akiwa na ndoo iliyojaa. Baada yake aliingia mwanamke mwingine, kisha mwingine. Winfrida alikuwa amekaa barazani na kikombe cha chai. Nyumba ile haikuwa na bomba, kisima wala tangi. Alilijua hilo kwa sababu jana yake alikuwa ameikagua mwenyewe.

Winfrida alikuwa mwaka wa pili wa shahada ya uzamili ya mipango miji na mikoa, Dar es Salaam. Kwao ni Masasi mjini. Bibi Ethel alikuwa dada wa bibi yake mzaa mama, kwa hiyo alikuwa bibi yake bila nyongeza ya maneno. Tasnifu ya Winfrida ilihusu upanuzi wa senta ya kijiji hicho, na ofisi ya wilaya iliyompokea ilikuwa tayari kuutumia mchoro wake mara chuo kitakapoupitisha. Mstari wa barabara mpya aliuchora kabla hajafika, juu ya picha ya setilaiti, ambako nyumba ya bibi yake ilikuwa bati moja kati ya mabati mengi. Mstari ulipita katikati ya bati hilo. Ukutani tayari palikuwa na alama ya X ya rangi nyekundu, na yeye alikuwa anatafuta sababu ya kuusogeza mstari. Undugu haukuwa sababu.

"Bibi, hawa maji wanachota wapi?"

"Nyuma."

Alipita sebuleni, akafungua mlango wa nyuma. Aliona jiko la makuti, kuku wawili na mabibo yaliyoanza kuoza. Akarudi ndani. Mwanamke mmoja akampita, akasema neno mlangoni kwa sauti ya chini, akatoka kwa mlango huo, na Winfrida akasikia ndoo ikizamishwa majini. Akaufungua tena haraka. Kuku walikuwa palepale. Mwanamke hakuwepo.

Aliufunga na kuufungua mara kadhaa, kama mtu anayejaribu swichi.

"Unatoka bila hodi," Bibi Ethel alisema kutoka kwenye kiti chake.

"Hodi mtu anapiga akiingia, bibi."

"Hapo unaingia."

Winfrida alisimama ndani ya nyumba, uso kwa mlango, akasema hodi. Sauti ya mwanamke mzee ikaitika kutoka nje: "Karibu." Akafungua. Mbele yake palikuwa na bonde, matete, mikorosho mikubwa isiyopogolewa, na chemchemi iliyozungushiwa mawe. Yule mwanamke alikuwa anajitwisha ndoo yake. Hapa na pale palionekana misingi ya nyumba zilizokwisha. Hewa ilikuwa ya baridi kidogo kuliko ya juu. Kifaa chake cha GPS kilimwonyesha kwamba yuko chini ya ukingo wa uwanda, upande wa Chiwata, wilaya ya Masasi. Alikizima, akakiwasha. Kikarudia jibu lilelile. Alirudi hatua moja sebuleni, bado kikasema Masasi. Akatoka barazani, kikasema Newala.

"Mwaka sabini na nne tuliambiwa tuhamie juu, barabarani," Bibi Ethel alieleza wakati wa chakula. "Kila mtu abebe anachoweza. Babu yako Abrahamu akang'oa mlango na fremu yake, akajitwisha, akapanda nao. Walimcheka njia nzima. Wenzake wamebeba mbuzi, yeye kabeba mlango. Akaupachika hapa. Sasa, sisi tuliambiwa tumehama. Mlango haukuambiwa."

"Na anayeitika ni nani?"

"Mama yangu. Yeye alikataa kuhama. Alifia kwenye kiti chake kabla hawajaibomoa ile nyumba ya bondeni."

"Mbona jana hukuniambia?"

"Hukuuliza, mke mwenzangu. Uliuliza nina vyumba vingapi na choo changu ni cha aina gani. Nikakujibu."

Winfrida hakulala vizuri, lakini kufikia asubuhi alikuwa na sababu. Sheria hairuhusu barabara kupita juu ya chanzo cha maji. Nusu ya kijiji ilikuwa inakunywa kupitia mlango ule, na kwa nusu hiyo hapakuwa na maji mengine ila ya kununua kwenye madumu. Akampigia simu msimamizi wake, Dokta Chrispin, ambaye alikuwa Mtwara kwa kazi nyingine.

Dokta alifika Alhamisi, viatu vyake vimepigwa rangi. Mwenyekiti wa kijiji, Husseni, alimpokea. Dokta alielekezwa namna ya kutoka, akasema hodi, akaitikiwa "Karibu, baba", akatoka. Aliporudi viatu vilikuwa vimelowa hadi kwenye kamba. Alipewa kikombe cha maji, akanywa, akaomba kingine, akasema ni maji mazuri, hayana chumvi. Kisha akavaa miwani na kusoma kifaa.

"Chanzo kipo," alisema. "Hilo sina ubishi nalo. Ila kipo nje ya eneo lako la mpango. Huwezi kupanga Newala kwa maji yaliyoko Masasi."

"Watu wanayachota hapa, Dokta."

"Wanayachota kule. Hapa wanapita."

Husseni alikohoa. "Samahani, Dokta. Hivyo viatu vimelowa Newala au vimelowa Masasi?"

Dokta aliviangalia. "Vimelowa," alisema. "Lakini swali letu si hilo."

Siku iliyofuata Winfrida alipiga simu ofisi inayoshughulikia upande wa bondeni. Aliyepokea alikuwa mpole na alijua kazi yake. Chemchemi hiyo alikuwa nayo kwenye ramani. Alisema wanahifadhi vyanzo vyenye watumiaji, na pale hapakuwa na kijiji.

"Palikuwa na watu zamani, dada, wakahamishwa. Huko waliko sasa ndiko waombe maji."

Winfrida alikaa na majibu yote mawili mbele yake. Kila moja lilikuwa sahihi. Aliyasoma kuanzia la kwanza kwenda la pili, kisha kinyume chake, na hakupata mahali pa kushika. Alichora mstari mwingine uliokwepa nyumba kwa kupita kwenye mikorosho, akautuma. Dokta aliurudisha akiwa ameandika neno moja pembeni: Sababu? Hakuwa na cha kujibu ambacho kingekaa ndani ya mpaka. Mstari ukabaki wa awali. Kwenye sehemu ya huduma za jamii, chini ya chanzo cha maji, akaandika: hakuna. Tasnifu ilipita, na ikasifiwa kwa usahihi wake.

Alirudi Makote mwenyewe kumwambia bibi yake.

"Watakupa kiwanja upande wa shule, bibi. Kina nafasi."

"Mimi nimeshahama mara moja," Bibi Ethel alisema. "Kula, ugali unapoa."

Bibi Ethel alifariki Februari, mchana, kwenye kiti chake cha sebuleni, greda likiwa limeshafika kijijini. Mganga wa zahanati alisema ni presha. Kwaya iliimba, akazikwa makaburi ya kanisani. Kabla nyumba haijabomolewa, Husseni aling'oa mlango wa nyuma pamoja na fremu yake, na wanawake wakaubeba hadi kiwanja kipya cha Mama Julia, ambaye naye alikuwa amehamishwa. Wakaupachika kwenye ukuta wa nyuma wa nyumba yake.

Winfrida alipofika mwezi Machi alikuta foleni ya ndoo. Hakuna aliyekuwa ameufungua mlango tangu upachikwe. Kwa watu wa pale mali ya mwanamke hufuata tumbo la mama, na aliyebaki upande huo alikuwa yeye.

"Tumekungoja wewe," Mama Julia alisema, akampa ndoo. "Usitucheleweshe, jua linapanda."

Winfrida alisimama mbele ya mlango.

"Hodi."

"Karibu, mke mwenzangu," Bibi Ethel aliitika.

Akafungua. Ndani palikuwa na sebule ya Makote, kiti na mto wake uliobonyea, kikombe juu ya meza. Lori lilipita karibu sana, vioo vya dirisha vikatetemeka. Kwenye ukuta wa nyuma ulikuwepo mlango, umefungwa. Mama Julia aliingia nyuma yake na ndoo yake, akasema njia imekuwa ndefu kidogo. Winfrida alivuka sebule, akasimama mbele ya mlango wa pili, akasema hodi.