Kosa Lisiloonwa na Tisa

Karani wa chumba cha maiti aliitwa Mwalimu Tisa, kwa kuwa alikuwa amesomesha hesabu miaka ishirini kabla ya kuhamia kwa wanafunzi wasiouliza maswali. Kila maiti alifungwa mguuni namba ya tarakimu tisa, na ile ya mwisho ilichaguliwa ili jumla ya zote igawanyike kwa tisa. Aliyekosea tarakimu moja aghalabu aliumbuliwa na baki.

Fundi cherehani alikuja kwa mara ya tano katika wiki sita. Moto wa kiwandani haukumwachia mdogo wake sura. Siku ya moto, yeye kama dada alikabidhiwa pete iliyovuliwa kidoleni mwa marehemu, na karatasi iliyonakiliwa namba yake kwa mkono: 740316582.

"Usijifiche nyuma ya daftari, Mwalimu. Nimeshakuona."

"Dada yangu, nilikwisha kukwambia. Jumlisha tarakimu zote, unapata thelathini na sita. Inagawanyika. Aliyeandika hakukosea. Na kwa kuwa namba hii haimo daftarini, ndugu yako hayumo humu."

"Humu hayumo, duniani hayumo, kaburini hayumo. Amekuwa moshi?"

"Tisa haina ubishi."

Fundi aliikunja karatasi, akaikunjua.

"Juzi nilishona shati huku nasinzia. Mkono wa kushoto nikautia kulia, wa kulia kushoto. Vipande ukivihesabu, vyote vimo. Mwenyewe alipolivaa, hakuweza kuinua mkono. Sasa hiyo tisa yako, inahesabu vipande tu, au inalivaa na shati?"

Mwalimu Tisa alifungua kinywa ili amjibu kama anavyojibiwa mbumbumbu, kisha akaivuta karatasi kwake. Jumla haijali nani ametangulia. Mbili na tano ni saba. Tano na mbili ni saba. Aliwafundisha watoto jambo hilo kwa miaka mingi na kuliita uzuri wa hesabu.

Tarakimu tisa zina jozi nane za majirani. Alianza kuzibadilisha nafasi, jozi baada ya jozi, huku kidole kikishuka daftarini. Ya tano ilikuwa moja na sita.

740361582. Mwanamume. Ameungua. Hakujitokeza ndugu. Amezikwa baada ya siku thelathini.

Mara tatu za kwanza dada huyu alipoulizia, mdogo wake alikuwa nyuma ya ukuta huu, hatua kumi na mbili.

"Umempata," alisema fundi. Hakuwa anauliza.

"Wamemzika. Wiki mbili zilizopita, makaburi ya manispaa. Walikuwa wengi, shimo moja."

"Na namba yake?"

"Huvuliwa kabla ya kufukiwa."

"Basi nionyeshe mahali pa kusimama. Ni wa ngapi, kuanzia upande gani?"

Mwalimu aligeuza daftari hadi ukurasa wa mazishi na kuusoma mara mbili. Wachimbaji walikuwa wameandika jumla, mpangilio hawakuuandika.

"Kumi na wanane," alisema.

"Sikukuuliza wangapi, Mwalimu."