Mzee Cheche Kwenye Gurudumu

Jumatatu ya kwanza baada ya maziko, Binti Cheche alifika karakana saa moja na nusu kama kawaida, akafungua kufuli, akausukuma mlango kwa bega kwa sababu huwa unakwama chini, akamkuta baba yake ameketi kwenye gurudumu la kunolea. Alikuwa amevaa ile suti waliyomzika nayo, viatu vimejaa udongo. Mguu wa kulia ulikuwa tayari juu ya pedali.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umechelewa."

Hakuwa amechelewa. Lakini hilo ndilo lililokuwa neno la baba yake la kila asubuhi enzi za uhai wake, naye hakuwa na tabia ya kubishana na mtu kabla ya chai. Alichota maji, akajaza kopo linalodondosha tone tone juu ya jiwe, akachukua kisu cha kwanza na kusimama mahali pake, upande wa kushoto. Mzee akakanyaga, jiwe likazunguka, siku ikaanza. Jioni mzee aliondoka kwa miguu kurudi makaburini, akapita njia ya sokoni maana ile ya mkato ina mbwa. Binti akafagia udongo aliouacha, akaumwaga nje.

Wateja waliichukulia vizuri. Mwenye bucha alisema tu kwamba mkono wa mzee siku hizi ni wa baridi, akashauri avae sweta. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara alimuuliza hali ya huko aliko. Mzee alijibu kwamba ni pazuri, ila hakuna kazi.

Gurudumu lile ni la kizamani, jiwe lake pana kama sinia, na lilitengenezwa kwa ajili ya watu wawili. Mmoja anakanyaga, mwingine anashika kisu. Anayekanyaga anahitaji mguu. Anayeshika anahitaji vilivyobaki vyote: jicho, kiganja kitulivu, sikio la kusikia chuma kikianza kulalamika, na akili ya kujua wakati wa kuacha, maana makali yakishapita kiasi hayarudi. Zamani mzee alishika na binti akakanyaga. Halafu mkono wa mzee ukaanza kutetemeka, wakabadilishana nafasi, kwa muda tu, alisema mzee. Wakati huo binti hakuwa na mvi hata moja. Siku mzee anafariki, alikuwa nazo za kutosha kusuka.

Lakini mapokezi hayakubadilika. Mteja akifika anampa mzee kisu. Mzee anakigeuza huku na huku, anatikisa kichwa kama daktari, anampa binti. Binti ananoa. Kikiwa tayari anamrudishia mzee, mzee anakipitishia ukucha, anasema "Haya," anamkabidhi mwenyewe. Shukrani zinakwenda kwa mzee, na mzee anazipokea bila kinyongo.

Ukutani, juu ya rafu ndefu, kulikuwa na vinoo. Hivyo vilikuwa vya binti na si vya mtu mwingine, na mimi nasema hivyo mapema ili isije ikaonekana kulikuwa na utata. Alivikusanya kwa miaka. Kinyozi akifunga duka, mpishi wa hoteli akistaafu, fundi viatu akifa, familia inagombea redio na kabati, yeye anakwenda kutoa pole na kuuliza kama kuna jiwe. Walimpa, wengine wakicheka. Kila kinoo cha zamani kina bonde lililochimbwa na mkono wa mwenyewe, na akilipapasa aliweza kukwambia kama yule mtu alitumia mkono wa kushoto, kama alikuwa na haraka, kama alikuwa akinoa huku anafikiria mambo mengine. Alivisawazisha juu ya kioo kwa mchanga na maji, taratibu, kisha akavitumia. Kinoo kisichotumika, alisema, ni tofali. Kile cha nyembe, laini kama kipande cha sabuni, alikifunga kwenye fulana kuukuu na hakumwazima mtu.

Kaka yake mkubwa alikuwa mtu mwenye viganja laini na mawazo mengi. Mdogo wao wa mwisho alikuwa na mawazo ya kaka yake. Hawakuwahi kukanyaga karakana ila siku wanapopita kuazima mwavuli, lakini mwezi ule walikuja wote wawili na futi ya kupimia, wakapima kuta.

"Dada," alisema kaka mkubwa, ambaye humwita hivyo anapotaka kitu, "tunafungua mgahawa hapa. Watu siku hizi wanapenda vitu vya zamani. Gurudumu litabaki pale pale. Haya mawe yako tunayabandika ukutani kwa saruji, yapendeze."

"Kwa saruji."

"Ili wasiyaibe."

"Na mimi nitanolea wapi?"

"Wewe utapumzika. Umemsaidia mzee vya kutosha."

Mzee alikuwa pale pale anakanyaga, na hakuna aliyemuuliza.

Usiku ule binti hakula. Hakulia pia. Alikata shauri. Kama mwenye mali hayupo, watoto hupigana kwa maneno ya kudhani. Lakini mwenye mali alikuwepo, kila siku, saa moja na nusu, na masikio yake yalikuwa mazima. Basi aulizwe. Alikwenda kwa shangazi yake, dada wa mzee, mwanamke ambaye hata maaskari humpisha njia, akamwomba aitishe kikao cha ukoo ndani ya karakana, Jumamosi mchana, kabla mzee hajaondoka. Akamwomba mwenye bucha aje kuwa shahidi. Alilivalia njuga jambo lile kiasi kwamba hata sauti yake ilibadilika, ikawa fupi.

"Una uhakika unataka aulizwe?" shangazi alisema.

"Nina uhakika na kazi yangu."

Jumamosi asubuhi aliamka mapema, akanoa visu vyote vilivyokuwa vimebaki ili asiache kiporo, akafagia, akapanga viti. Mchana walifika wote. Shangazi aliketi mbele ya gurudumu, mikono juu ya mkoba. Kaka mkubwa alikuwa amevaa saa. Mdogo wa mwisho alikuwa amekaa karibu na kaka yake. Mwenye bucha alibaki mlangoni, na aproni yake.

"Kaka," alisema shangazi, "pole na safari."

"Nimezoea."

"Wanao wamegongana. Mmoja anataka kunoa, wawili wanataka mgahawa. Wewe uko hapa, hatuna haja ya kukisia. Karakana ni ya nani?"

Mzee aliinua mguu kwenye pedali. Jiwe likazunguka lenyewe kidogo, kisha likasimama. Tangu aliporudi, gurudumu lilikuwa halijawahi kusimama mchana.

"Ya wanangu."

"Wanao ni watatu."

"Ya hawa wa kiume." Alisema bila ubaya wowote, kama mtu anayemwelekeza mgeni choo kilipo.

"Na huyu ambaye amekuwa na wewe siku zote?"

"Huyu ni mwanangu mzuri sana," mzee alisema. "Alikuwa ananishikia."

Binti alikuwa amesimama kwenye nafasi yake ya kushoto, kwa mazoea. Alisogea mbele, akamwangalia baba yake usoni, jambo ambalo si rahisi kwa mtu aliyekaa naye ubavuni miaka yote.

"Baba, hivi visu vya bucha, nani alikuwa anavinoa?"

"Mimi."

"Kwa mguu?"

"Mimi ndiye niliyekuwa nanoa, mama. Wewe ulishika tu."

Hakuwa anatania. Hata kaka mkubwa, ambaye angeweza kufurahi, aliangalia sakafu. Iliuma, na naomba isemwe hivyo hivyo: ilimuuma binti kuliko siku ya maziko, kwa sababu siku ile alikuwa amempoteza baba tu.

Shangazi akamgeukia mwenye bucha. "Wewe ni mteja wa siku nyingi. Sema unachokijua."

Mwenye bucha ni mtu mkweli, na ukweli wake ulikuwa na madhara. Alifikiri vizuri kabla ya kusema. "Mimi kisu nilikuwa nampa mzee," alisema, "na nilikuwa nakichukua kwa mzee. Siku zote kilikata vizuri. Zaidi ya hapo nitakuwa naongeza chumvi."

"Ulikuwa unaniona, lakini," binti alisema.

"Nilikuwa nakuona, dada. Ulikuwepo kila siku."

Basi ikawa hivyo. Shangazi alishusha pumzi, akasema mwenye mali amesema. Binti aliuliza juu ya vinoo, kwamba hivyo alivileta yeye kimoja kimoja kwa mikono yake. Kaka mkubwa alisema viko ndani ya karakana. Mzee naye, alipoulizwa, alisema vitu vya karakana ni vya karakana, kisha akarudisha mguu kwenye pedali, kwa kuwa muda wa kazi ulikuwa haujaisha.

Binti hakubishana tena. Alivaa kanga yake, akaaga wakubwa wake kwa heshima, akatoka. Kinoo cha nyembe kilikuwa tayari kwapani, ndani ya ile fulana kuukuu, tangu kabla viti havijapangwa. Alikuwa na uhakika na kazi yake, ndiyo, lakini hakuwa mjinga.

Jumatatu iliyofuata alikuwa barazani kwa mama mshonaji, mtaa wa pili, na ubao juu ya mawe mawili, beseni la maji, na kinoo kimoja. Mama mshonaji alimpa kigoda na hakumuuliza maswali. Kinoo cha nyembe hakifai kwa panga wala shoka, huchukua siku nzima, lakini yeye alinoa kila kilicholetwa. Vidole vyake vilichubuka. Alivifunga vitambaa vilivyobaki kwenye mashono, akaendelea.

Kule karakana mgahawa ulifunguliwa. Vinoo vilibandikwa ukutani kwa saruji, vikapendeza kama kaka alivyosema. Mzee aliketi kwenye gurudumu katikati ya meza, akikanyaga, na wateja walipiga naye picha. Mwenye bucha alikwenda kule kwanza, kwa mazoea, akampa kisu. Mzee akakigeuza, akatikisa kichwa, akakinyoosha upande wa kushoto. Hakuna aliyekipokea. Mzee hakurudisha mkono. Watu walikunywa chai, wakala, wakalipa, mkono bado umenyooshwa. Mwishowe mwenye bucha akakichukua mwenyewe, akaja nacho barazani.

"Mzee leo hajanoa," alimwambia binti. "Nadhani amechoka. Msafiri yule, kwenda na kurudi kila siku."

"Lete."

Alikinoa. Mwenye bucha akakijaribu kwenye unywele wa mkono, akaridhika sana. "Kumbe ulikuwa unamwangalia mzee anavyofanya," alisema. "Umejifunza."

Binti alimtazama muda mrefu kidogo kuliko inavyostahili kumtazama mteja. Kisha akachukua kisu kilichofuata.

Wateja waliongezeka. Wengine walikuja kwa sababu mzee amechoka, wengine kwa sababu baraza lilikuwa njiani kwao. Akapata kinoo kingine, kizito, kutoka kwa mjane wa fundi ngozi, chenye bonde la mtu aliyekuwa mvumilivu. Akaanza kununua nyembe za zamani za kukunja, zenye kutu, akazisafisha na kuzirudisha kwenye maisha. Hakuzungumzia karakana. Alipopita pale alitazama mbele, akaongeza mwendo, na jioni mzee alipopita barazani akielekea kwake, alimsalimia, kwa sababu mzazi husalimiwa.

Ndevu za mzee hazikuacha kuota. Ziliota kuliko alipokuwa hai, nyeupe na nzito, hadi zikaanza kunasa kwenye gurudumu, na kaka mkubwa akaona zinaharibu picha. Kinyozi wa ng'ambo alijaribu. Nyembe zake za dukani zilikatika moja baada ya nyingine. Basi mchana mmoja mdogo wa mwisho akamshika mzee mkono, akamleta barazani, akamketisha kwenye kigoda cha wateja mbele ya mstari wa watu, akasema kaka amesema, na akaondoka haraka.

Binti angeweza kukataa. Alifikiria kukataa. Halafu akachukua wembe wake bora, akakilowesha kinoo, akaunoa mbele ya uso wa baba yake, upande huu na upande huu, taratibu, bila gurudumu, bila mguu wa mtu. Mzee alimwangalia tangu mwanzo hadi mwisho. Binti aliufuta, akaupitisha kwenye mkanda wa ngozi uliofungwa kwenye mguu wa cherehani, ukalia mlio ule mwembamba ambao wembe huutoa ukiwa tayari. Akampaka mzee povu. Ngozi ilikuwa baridi. Akamnyoa mashavu, kidevu na shingo, pale pagumu chini ya taya ambapo hata vinyozi wazuri hukata watu, na hakumkwaruza hata kidogo. Ndevu zilianguka juu ya udongo wa viatu vyake.

Mzee alipapasa shavu lake, juu na chini. Mkono ulikuwa unatetemeka. Alitabasamu, kwa mara ya kwanza tangu afe.

"Wembe huu," alisema, "niliunoa vizuri."

Mama mshonaji alisimamisha cherehani. Binti aliufuta wembe, akaukunja, akauweka mahali pake.

"Inuka, baba," alisema. "Kuna mtu anasubiri."