Chuma Namba Saba

Flaviana alikwenda dukani kwa Azzam, Kinondoni, na nia njema kabisa, na mtu mwenye nia njema huwa hajichungi. Azzam anauza vifaa vya michezo vya mtumba: baiskeli za mazoezi, raketi, viatu vya mpira, na kwenye kona moja fimbo za gofu, zile zenye kichwa cha chuma ambazo wachezaji huziita vyuma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nataka vyuma vya mzee wangu."

"Anachezaje?"

Hapo Flaviana akakwama. Mumewe, Augustine, alijifunza gofu jeshini, na kabla ya kustaafu alikuwa akiogopwa uwanjani. Mwaka jana kiharusi kikampiga upande wa kushoto. Mguu ulirudi, mdomo ukanyooka, lakini mkono ulibaki nyuma. Jumamosi rafiki yake Faraji alikuwa akimpitia nyumbani Gongo la Mboto, wanakwenda kucheza, na Augustine akirudi anaingia ndani moja kwa moja. Siku moja Flaviana alimkuta bafuni, amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, bomba limefunguliwa ili asisikike akilia.

"Alikuwa bingwa," alisema. "Sasa hivi mpira haunyanyuki."

Azzam aliuliza mzee anatumia vyuma gani. Flaviana akaeleza: vyembamba, vinang'aa, mgongo wake bapa.

"Hapo ndipo shida. Vile ni vya mtu mwenye mkono wake. Ukigusa mpira pembeni kidogo tu, umekufa." Akatoa seti nyingine. "Hivi vina uwazi ndani na uzito umewekwa chini. Ukikosea, vinakusamehe. Halafu ona uso wa hii namba saba: umesimama kama wa namba sita ya zamani, na namba ikipungua mpira huenda mbali zaidi. Mpira utakwenda mbali hata mkono ukiwa mchovu."

"Kwa juu vinaonekana vya wataalamu."

"Ndo uzuri wake, mama."

Flaviana alivigeuza geuza. Kisha akasema lile neno ambalo angeliacha palepale dukani kama angekuwa na akili siku ile. "Akikuuliza, mwambie ni daraja lile lile la vile vyake. Ni vipya tu."

Azzam alijikuna kidevu. "Mama, mie sipendi kumdanganya mzee."

"Humdanganyi. Unamtia moyo."

Augustine aliuliza, kwa simu, na Azzam akajibu alivyoagizwa. Vyuma vya zamani Flaviana akavifungia stoo, eti visipate kutu.

Jumamosi iliyofuata Augustine aliingia sebuleni bila kuvua viatu. "Mama Albano! Saba yangu imefika pale pale ilipokuwa inafika kabla sijaugua. Imepitiliza! Mkono umerudi!" Akamshika kiuno, akamzungusha pale pale kwenye zulia, yeye na uzee wake. Flaviana alicheka naye. Baadaye jikoni alimenya vitunguu vingi kuliko vilivyohitajika, apate sababu ya macho mekundu. Alikuwa na furaha, na alikuwa anajiona mwizi.

Angesema wiki ile, yangekuwa madogo. Hakusema. Augustine akaacha kwenda kliniki ya mazoezi ya viungo. "Nikafanye nini? Kufinya sponji na wagonjwa? Mgonjwa anapiga saba namna ile?" Flaviana akajiambia atamwambia Jumapili baada ya misa. Jumapili ikafika, wageni wakaja, akashukuru Mungu kwa wageni.

Mjukuu wao Yuliana alikuja kulala wikiendi. Asubuhi ya kumrudisha kwa baba yake, Albano, kule Kibamba, Flaviana alisikia pikapu ikinguruma uani. Tangu augue, Augustine alikuwa hajaigusa. Daktari alimkataza mpaka mkono upate nguvu. Ile pikapu ni ya gia, na gia hubadilishwa kwa mkono wa kushoto. Yuliana alikuwa ameshakaa mbele, amefunga mkanda, mkoba wake mapajani.

"Baba Albano, muda wa Albano kumfuata bado."

"Albano apumzike. Nampeleka mwenyewe."

"Daktari alisema..."

"Daktari hajaniona nikicheza."

Flaviana aliwaza malori ya Barabara ya Morogoro. Akamwona Yuliana anamtabasamia kupitia kioo. Akafungua mlango, akamfungua mtoto mkanda, akamshusha.

"Nenda ndani, mama." Kisha, bila kumtazama mumewe: "Mkono haujarudi. Ni vile vyuma. Nilimwambia Azzam akudanganye. Ile saba si saba yako."

"Saba ni saba, Mama Albano."

"Njoo uone."

Alitoa saba ya zamani stoo. Augustine akateremka, akatoa mpya kwenye begi, akazisimamisha mbili barazani, sako kwa bako. Uso wa ile ya zamani ulikuwa umelala. Wa mpya umesimama. Hakuhitaji kuelezwa na mtu. Alizitazama mpaka injini ikaanza kukera.

"Azzam anajua."

"Anajua."

"Na Faraji je? Maana alinipigia makofi huku anaangalia begi langu."

Mchezaji yeyote mzuri angevitambua vile vyuma kwa kuvigeuza mara moja, hata Augustine mwenyewe kama angetaka.

"Kumbe mlikuwa mnanitazama tu," Augustine alisema. Akaenda kuzima gari, akamwekea ufunguo kiganjani kwa utaratibu. Flaviana alitamani amfokee. Kofi la maneno angelipokea kwa mikono miwili.

Augustine alirudi kliniki. Hakununa, hakumsema kwa mtu, na Jumamosi anacheza kwa vile vile vyuma vipya. Akiulizwa na wenzake anasema wazi kwamba ni vya wagonjwa. Chakula anakula, utani anatania. Flaviana ndiye asiyelala vizuri.

Juzi walikuwa wanakunywa chai barazani. Augustine akachukua kikombe kwa mkono wa kushoto, kimejaa hadi ukingoni, akakipeleka mdomoni bila kumwaga hata tone. Flaviana aliona.

"Baba Albano! Mkono unapona. Haukutetemeka hata kidogo!"

Augustine akakiweka kikombe chini, akamtazama kwa upole, kama anavyomtazama Yuliana anaposema amemaliza kazi za shule.

"Kweli, mke wangu? Au umenipa saba nyingine?"

Flaviana akafungua mdomo aape, akaona hana cha kuapia.